Tairi la Kushoto

Darweshi alikuwa na desturi ya kufumba macho kabla ya kuligusa tairi. Waliopita mbele ya kibanda chake, nyuma ya stesheni ya reli ya Nakuru, walidhani anasoma dua, na wengine walidhani usingizi umemchukua akiwa amechuchumaa. Hakuwa amelala, na dua alikuwa ameshaisoma alfajiri. Macho, alisema, yana haraka. Yakishaona tundu moja yanaridhika. Kiganja hakina haraka. Kinakwenda polepole juu ya mpira kama mtu anayetembea shambani kwake jioni, na kila kinapokwama kinasimama kujua kwa nini.

Alizaliwa papo hapo mjini. Baba yake alitoka Lamu zamani akiwapikia watu wa reli, reli ikaenda zake hadi ziwa lile kubwa la magharibi, yeye akabaki. Darweshi naye alibaki. Alipokuwa na miaka kumi na sita aliajiriwa kufagia gereji ya Mhindi mmoja, akawa anafagia huku akitazama, na siku Mhindi alipofunga biashara, Darweshi alinunua jeki moja, pampu moja na pipa la kupimia matobo, akaanza kazi yake mwenyewe. Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kwenda mbali zaidi ya Njoro upande huu na Elmenteita upande ule.

Lakini barabara zilimjia. Tairi la lori la pareto lilimletea udongo mwekundu wa Molo, uliojaa katika mifereji ya mpira na kunuka mvua. Lililotoka Baringo lilikuja na miiba mirefu iliyovunjikia ndani. Lililopita Naivasha lilikuwa na vipande vya lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa. Alivichomoa kimoja kimoja na kuviweka katika mkebe, na akivishika aliziona njia zenyewe: mteremko wake, kona yake, mahali ambapo maji hukata barabara. Akirudi nyumbani humwambia mkewe, Safiyo, "Leo nimekwenda Baringo."

"Na asali umeniletea?" Safiyo humuuliza, bila kuinua kichwa kutoka kwenye ukili anaousuka.

Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikipigana na Mau Mau. Waithaka, aliyefanya kazi na Darweshi kwa miaka tisa, alichukuliwa asubuhi moja pamoja na Wakikuyu wengine wa mtaa ule, wakapakiwa kwenye malori na kupelekwa ng'ambo ya milima ya Nyandarua. Hakuna aliyesema atarudi lini. Kigoda chake kilibaki pale karibu na pipa la maji, na wateja waliotaka kukikalia Darweshi aliwaambia kwa upole kwamba kigoda hicho mguu wake ni mbovu. Mguu wake haukuwa na kasoro yoyote.

Mwaka ule mvua ilichelewa na ziwa likajivuta. Heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, walihama wote. Kila adhuhuri upepo uliokota vumbi jeupe la magadi kutoka kwenye ardhi iliyoachwa wazi, ukalileta mjini, likatua juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya kope za watu, mpaka mji mzima ukaonekana kama kitu kinachokumbukwa tu. Ni katika vumbi hilo ndipo Darweshi alipoona nyumba ikija.

Ilikuja taratibu, ikivutwa na lori dogo la kijani. Ilikuwa karavani, nyumba ya magurudumu mawili, ya bati lililopakwa rangi ya maziwa, yenye mlango mmoja na madirisha mawili yenye mapazia ya maua. Settla mmoja, mkulima Mzungu, alikuwa ameiuza alipoamua kurudi kwao, na aliyeinunua alijulikana Bonde zima: Ishak, fundi wa cherehani. Alizunguka nayo tangu Londiani hadi Longonot, akilala humo, akipika humo, akitengeneza cherehani za washonaji kwenye baraza za maduka.

Dereva alishuka kwanza. Aliitwa Kimutai, mwanamume mrefu wa makamo, mpole wa sauti, na siku hiyo uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajala.

"Fundi, habari ya kazi," alisema. "Tumekuletea ugonjwa."

Ishak alishuka upande wa pili, akapangusa vumbi kwenye kofia yake. Alikuwa na ndevu zilizoanza kuwa nyeupe, na vidole vyembamba vya mtu aliyezoea sindano.

"Ugonjwa ni huyu," akasema, akimwonyesha Kimutai kwa kidevu. "Angalia tairi ya kushoto. Mara ya tatu hii kubadilisha! Ya kulia inakaa mwaka, ya kushoto miezi minne imekwisha, imetafunwa upande mmoja tu. Nimeambiwa na mafundi wawili kwamba dereva anakata kona vibaya na kupanda mawe. Nimekuja uniwekee mpya. Na Jumamosi namlipa huyu siku zake, anaenda nyumbani."

Kimutai alitazama upande wa mlima Menengai kana kwamba kuna mtu huko anayemwita.

Darweshi alichuchumaa penye gurudumu la kushoto na kufumba macho.

Upande wa nje wa tairi ulikuwa mzima. Mifereji yake ilikuwa na kina cha kuzamisha ncha ya kidole. Akasogea ndani. Mpira ulianza kupungua polepole, kama ufuo unaoingia majini, mpaka pembeni kabisa kwa ndani ukawa laini kama kisahani, na nyuzi zikaanza kujitokeza. Akapeleka kiganja kutoka nje kwenda ndani: kiliteleza. Akakirudisha kutoka ndani kwenda nje: kilikwaruzwa na meno madogo madogo, kama ya msumeno. Akarudia mara tatu. Akaenda upande wa kulia, akafanya vivyo hivyo. Huko hakukuta meno yoyote.

"Bwana Ishak," alisema, macho bado yamefumbwa, "dereva anayefunga breki kwa fujo huacha kovu bapa, mahali pamoja. Anayepanda mawe hukata ubavu. Upepo ukiwa mdogo tairi huliwa pembe zote mbili, ukizidi huliwa katikati. Hii hapa haikukatwa wala haikupigwa. Imeburutwa. Inaburutwa kidogo kidogo, kila hatua, tangu inapoondoka mpaka inapofika. Tena imelala, kichwa kimeinamia ndani."

"Imelala vipi? Naiona imesimama."

"Macho yanasema hivyo."

Akaomba uzi mrefu. Kimutai akashika ncha moja pale mbele, kwenye ndoano ya kuvutia, naye Darweshi akaupeleka mpaka katikati ya gurudumu la kulia, akafunga fundo. Kisha akauzungusha upande wa kushoto. Fundo halikufika. Lilipungukiwa kwa upana wa vidole viwili.

Aliingia chini ya karavani kwa mgongo, mavumbi yakamdondokea usoni. Ekseli, ile nondo nene inayoyashika magurudumu yote mawili, ilikuwa imepinda upande wa kushoto, ncha yake imeinuka kama mtu aliyepandisha bega. Na bolti inayoishika isisogee kwenye springi ilikuwa imekatika. Ekseli imeteleza nyuma. Alilala pale kwa muda akiitazama. Chuma kama kile hakipindi kwa kona wala kwa jiwe moja. Kilikuwa kimelemewa.

Alipotoka aliuliza, "Ndani kuna nini upande huu?"

"Vitu vyangu vya kazi."

"Naomba nione."

Ishak alisita, kisha akafungua mlango. Harufu ya mafuta ya mashine na udi wa zamani ilitoka. Ndani kulikuwa na vitanda viwili vyembamba, kimoja kila upande, na njia ya kupita katikati. Kitanda cha kulia kilikuwa kimetandikwa vizuri, na chini yake viatu. Cha kushoto hakikuonekana. Juu yake, chini yake na mpaka karibu na dirisha kulikuwa na cherehani: vichwa vyeusi vya chuma vyenye maua ya dhahabu, miguu ya kukanyagia ya chuma cha kusubu, magurudumu, masanduku ya vipuri.

"Hizi zote zimewekwa upande mmoja," Darweshi alisema. "Na barabara zetu nazo zimeinama kushoto. Kwa nini upande wa kulia hakuna hata moja?"

Uso wa Ishak ulijifunga. "Nimekuja kununua tairi," alisema, "sikuja kupangiwa nyumba." Akafunga mlango kwa ufunguo.

Mtu mwingine angemwekea tairi jipya, akaachana naye. Lakini Kimutai alikuwa amesimama pale, mikono imelala ubavuni, na Darweshi hakuweza kuuacha mkono wake ujue jambo kisha mdomo unyamaze.

"Sawa," akasema. "Nitaweka. Lakini kwanza nipe nusu saa, twende mpaka ziwani. Usiponiamini mimi, utaiamini ardhi."

Walishuka huko upepo wa adhuhuri ulipotulia. Maji yalikuwa mbali sana, mstari mwembamba wa fedha uliotetemeka na kupotea. Mbele yao palikuwa na uwanda mweupe, mgumu kama sinia, uliofunikwa na unga laini wa magadi. Hapakuwa na mti wala kivuli wala sauti. Darweshi alihisi kama wameingia ndani ya karatasi ambayo haijaandikwa.

"Endesha moja kwa moja," alimwambia Kimutai. "Taratibu. Usiguse breki."

Lori liliondoka na nyumba nyuma yake, vikawa vidogo, vikaanza kuelea juu ya joto kama havina magurudumu. Vilipofika mbali vikasimama. Darweshi na Ishak wakafuata kwa miguu, wakitazama chini.

Nyayo za lori zilinyooka kama uzi uliovutwa. Kando yake ilikuwepo alama ya gurudumu la kulia la karavani, safi, kila mchoro wa mpira umejipiga chapa kama ususi wa mkeka. Na upande wa kushoto hapakuwa na mchoro. Palikuwa na mfereji uliozama kuliko wenzake, na ndani yake unga ulikuwa umefagiwa kwenda pembeni, mwendo wote, kama mtu aliyetembea akiburuta mguu mmoja.

Ishak alichuchumaa. Akaweka kidole ndani ya mfereji, akapima kina chake, akaenda mbele hatua kumi, akapima tena.

"Dereva ameenda sawa," Darweshi alisema taratibu. "Lori limeenda sawa. Ni nyumba inayokwenda ikilemewa."

Upepo ulianza kuinuka tena, na unga ukaanza kutambaa juu ya alama zile.

"Khadijo alikuwa analala upande huo," Ishak alisema.

Darweshi alichuchumaa karibu naye.

"Mke wangu. Tulizunguka pamoja miaka sita. Mapazia yale alishona yeye. Mimi natengeneza mashine, yeye anawafundisha akina mama kushona matundu ya vifungo. Tulikuwa Ravine, akashikwa na homa siku tatu tu. Tukamzika huko huko." Alipangusa kidole chake cheupe kwenye kanzu. "Usiku wa kwanza nililala nikitazama godoro lile. Kesho yake nikaweka cherehani moja juu yake, ili nisilione. Kisha nyingine. Watu wakiniletea mbovu nazinunua. Sina haja nazo, fundi. Nyingine haziponi."

"Ni lini hiyo?"

"Mwaka jana, mwezi wa nne."

Darweshi alijua kwamba Ishak anahesabu miezi kichwani, miezi minne, na minne tena, na minne mingine, na kwamba hakuhitaji kusaidiwa kuihesabu. Yeye mwenyewe alikuwa akifikiri kuhusu kigoda kilicho karibu na pipa la maji, na jinsi alivyokuwa akiwadanganya wateja kwa mwaka mzima juu ya mguu wake.

"Mimi sikwambii uzitoe," alisema mwishowe. "Wala sikwambii lolote juu ya kitanda. Lakini chuma hakijui kwa nini kinabebeshwa. Kinapinda tu."

Ishak aliinuka. Alitembea peke yake mpaka kwenye lori, kanzu ikimpepea. Kutoka mbali Darweshi aliwaona wawili wale wamesimama ana kwa ana, wadogo kwenye weupe ule mkubwa, na hakusikia neno. Aliona tu Ishak akivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, na Kimutai akiinamisha kichwa. Baadaye sana Kimutai alimsimulia kwamba mzee alisema maneno mawili tu: "Nimekukosea, ndugu." Naye alijibu kwamba yameisha.

Kazi ilichukua siku mbili. Waliing'oa ekseli na kumpelekea Achola, mhunzi aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana ya reli, mtu wa mabega mapana aliyeimba chini chini kila alipopiga nyundo. Achola aliiweka motoni ikawa rangi ya machungwa, akainyoosha, akaipima kwa jicho moja, akainyoosha tena. Darweshi alitia bolti mpya kwenye springi, akaweka matairi mapya pande zote mbili, akapima kwa uzi mpaka fundo likafika pande zote mbili. Wakati huo Ishak na Kimutai walikuwa wakitoa cherehani nje moja moja. Zisizopona Ishak alimwachia Achola chuma chake. Nzima alizigawa, nusu chini ya kitanda cha kushoto, nusu chini ya kitanda chake mwenyewe. Juu ya godoro la Khadijo, lililokuwa na michirizi ya mafuta, alitandika shuka safi. Alilinyoosha kwa kiganja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Siku ya tatu alikuwa na kazi Longonot. "Njoo nasi," alimwambia Darweshi. "Sikiliza mwenyewe njiani. Jioni utarudi kwa treni."

Darweshi alitaka kusema kwamba ana wateja. Akashangaa kusikia mdomo wake ukisema ndiyo.

Alisafiri ndani ya karavani, amelala sakafuni katikati ya vitanda viwili, sikio likiwa juu ya mbao. Kwanza alisikia vikombe tu vikigongana kabatini. Kisha vikombe vikajitenga, akabaki na magurudumu. Sauti ya kulia ilikuwa mvumo wa chini, wa mtu anayebembeleza. Akahamia kushoto. Ulikuwa mvumo ule ule. Hakuna kukwaruza wala kulia. Sauti mbili zikaungana katikati ya kifua chake.

Hapo akaruhusu macho yafumbuke. Dirisha lilikuwa likipitisha dunia: Elmenteita na maji yake ya rangi ya waridi, ambako heroe wengine walikuwa wamekimbilia, vilima vya mashamba ya mkonge, kondoo weupe wa settla, wengi kama vumbi. Kila mahali walipopita aliwahi kupagusa kwa kiganja. Ule mteremko aliujua kwa breki zilizoungua. Ile kona aliijua kwa mbavu za tairi zilizokwaruzwa na ukingo. Lakini kiganja hakikuwahi kumwambia kwamba juu ya kona kuna mbingu kubwa namna ile, wala kwamba kivuli cha wingu hutambaa juu ya nyasi kama mnyama anayetafuta mahali pa kulala.

Penye kizuizi cha Gilgil askari aligonga, akafungua mlango, akamkuta mtu mzima amelala kifudifudi sakafuni.

"Wewe unafanya nini hapo?"

"Nasikiliza tairi, afande."

Askari alimtazama kwa muda, akatazama vitanda viwili vilivyotandikwa, akatazama kipande cha kitambulisho alichoonyeshwa, akafunga mlango bila swali la pili.

Walifika Longonot mchana. Mlima ulisimama pale, kichwa chake kimekatwa, mtulivu, moshi wa moto wa nyasi ukipanda ubavuni mwake. Kimutai alisimamisha lori kando ya duka, akashuka haraka kuliko wote, akaja kusimama karibu na gurudumu la kushoto bila kuligusa.

Darweshi alichuchumaa. Akaweka kiganja upande wa nje wa tairi: joto. Akakiweka ndani: joto lile lile, kama mashavu mawili ya mtoto mmoja.

"Guseni," akasema.

Kimutai aligusa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Darweshi amjue, kicheko chembamba cha mshangao. Ishak naye akagusa. Aliacha mkono wake hapo mpaka mpira ukaanza kupoa.

Yale matairi mawili yalikaa miezi kumi na tisa, yakazeeka pamoja, na Kimutai aliendelea kuivuta nyumba ile mpaka siku Ishak alipochoka na safari na kukaa mjini. Lakini hayo yalikuwa bado. Alasiri ile walikula wali na maharagwe barazani, kisha Darweshi akaaga, akatembea peke yake mpaka stesheni. Mpagazi mmoja aitwaye Kipkoech alikuwa ameketi juu ya gunia la mahindi.

"Mzee, sikukuona ukishuka kwa treni," alisema. "Ulikuja na gari gani?"

"Nimekuja na nyumba," Darweshi akajibu.

Kipkoech alimtazama kuona kama ni mgonjwa, kisha akasogea kidogo, akampa nafasi juu ya gunia.

Treni ilikuja ikihema. Darweshi alipata kiti dirishani, na ilipoanza kushuka kuelekea Naivasha alitoa mkono wake nje, vidole vimetanuka, akauacha upepo wa Bonde uupitie. Ulikuwa na joto, kisha ubaridi penye kivuli cha mlima, kisha joto tena. Hakufumba macho.